Kifurushi cha Kwanza Kati ya Viwili

Watu wote walimwita Sista, ingawa hakuwahi kuwa muuguzi hata siku moja. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha hospitali kisicho na dirisha, kule ambako mikasi na koleo za madaktari huoshwa, hupangwa kwa seti, hufungwa kwenye karatasi na kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke ili kuua vijidudu. Wakubwa wa hospitali walikuja na kuondoka, yeye alibaki palepale akikunja. Alipostaafu walimfanyia sherehe ya nusu saa na kumpa saa ya ukutani. Zawadi yenyewe ilikuwa imefungwa hovyohovyo, selotepu imekwenda kombo na pembe moja imetoboka, na Sista hakusikia neno hata moja la hotuba kwa jinsi alivyokuwa akiikodolea macho ile pembe.

Akahamia kwa binti yake wa pekee, mwenye duka la zawadi mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Wiki ya kwanza alipumzika, yaani alipanga upya makabati yote. Wiki ya pili mkwe wake, mtu mpole asiyependa maneno, alifungua kabati asubuhi akakuta hakuna nguo. Kulikuwa na vifurushi vya karatasi ya kaki vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja na maandishi safi ya kalamu: Shati 1, jeupe, kifungo cha pili kimelegea. Chini yake tarehe na sahihi. Mkwe alivaa, akashukuru, akangoja mama aende bafuni, kisha akamshika mkewe mkono.

"Nampenda sana mama," alisema kwa sauti ya chini, "lakini leo nimetafuta soksi kwa tarehe. Mchukue dukani. Nakuomba."

Mkewe hakuwa na hamu hiyo. Duka alilianzisha mwenyewe kwa jasho lake, na alimjua mama yake: ni mtu ambaye ukimpa kiti cha kukalia atakuuliza kwa nini hakijanyooka na meza. Lakini mume ameomba, na mume huyu huomba mara moja kwa mwaka. Basi akaweka masharti. Mama angekaa kwenye meza ya nyuma, ya kufungia zawadi, kwa majaribio. Wateja wakilalamika, mama atarudi nyumbani akapumzike kama wenzake.

Sista alikubali upesi mno kwa mtu wa umri wake. Neno lenyewe, kupumzika, lilimtia baridi. Alikuwa ameshawaona wenzake waliopumzika. Wanakaa kwenye kochi wanatazama mlango. Mtu akiingia wanamuuliza ametoka wapi, akitoka wanamuuliza anakwenda wapi, na hiyo ndiyo siku nzima. Yeye alitaka mahali pa kwenda asubuhi. Hakutaka kingine, na hicho alikitaka kwa moyo wote.

Kabla yake, zawadi pale dukani zilifungwa kwa karatasi za kumetameta zenye picha za mioyo na maputo, selotepu karibu mita nzima, na ua la plastiki la kubandika juu. Siku ya kwanza Sista aliziangalia karatasi hizo, akazisukuma pembeni kwa ncha ya rula. Akaomba bunda la karatasi ya kaki, bunda la karatasi nyeupe, utepe wa pamba wa rangi mbili tu, nyekundu na buluu, beseni la maji, na pasi. Bintiye akauliza pasi ni ya nini. Ya kupigia utepe, akajibiwa, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa viatu ni vya nini.

Kisha akapiga magoti, akabandika sakafuni utepe wa plastiki mwekundu, mstari ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, hatua mbili mbele ya meza. Mteja husimama upande ule, Sista upande huu. Aliyevuka aliambiwa, "Rudi nyuma ya mstari, baba," bila ukali lakini bila mjadala. Mikono aliinawa mpaka viwikoni. Hakuzungumza juu ya kifurushi kilicho wazi, wala hakuruhusu mtu apige chafya karibu nacho. Kifurushi kikianguka chini kimekufa. Alikifungua, akatupa karatasi, akaanza upya. Mteja mmoja mwenye haraka alimwambia kwamba huyo ni mwanasesere tu, hafanyiwi upasuaji. Sista akamtazama juu ya miwani mpaka yule bwana akarudisha mguu wake nyuma ya mstari.

Lakini ukimwona akifunga, haraka yako uliisahau. Karatasi aliilaza kimshazari, pembe moja ikimwelekea tumboni, sanduku katikati. Mkunjo wa kwanza ulitoka kwake kwenda mbele, wa pili ukatoka kushoto, wa tatu kulia, wa mwisho ukamjia yeye mwenyewe na kuzama chini ya wenzake. Kila ncha aliigeuza kidogo ikabaki imesimama, mfano wa sikio dogo la kushikia. Selotepu hakutumia hata kipande. Utepe ulipita mara moja kwa mapana na mara moja kwa marefu, ukafungwa juu kwa vitanzi viwili visivyozidiana hata upana wa uzi. Ukipewa zawadi ile, uliuvuta utepe ukaachia wenyewe, ukashika sikio, na karatasi ikafunguka pande nne na kulala chini bila kuchanika, zawadi yako imekaa katikati kwa heshima zake. Kulikuwa na watu waliofungua, wakafunga tena, wakamwita jirani aje aone wakifungua. Haikupita muda, karani wa benki akaleta zawadi iliyonunuliwa duka lingine kabisa, akiomba tu ifungwe. Foleni ikaanza kusimama nyuma ya mstari mwekundu, imenyooka kama mstari wenyewe.

Bintiye aliona, akafurahi, akajikaza asionyeshe. Kulikuwa na tatizo moja tu. Mama aliandika.

Hospitalini hakuna kifurushi kinachotoka bila maandishi ya nje: kilichomo, hali yake, tarehe, sahihi ya aliyefunga. Sista aliona hakuna sababu ya desturi nzuri kama hiyo kubadilika kwa kuwa tu watu sasa ni wazima. Makarani wa ofisi moja walimnunulia zawadi mwenzao aliyehamishwa, wakaipeleka kwenye tafrija ya kumuaga, na mkuu wa ofisi, kwa kudhani ni salamu za heri, akasogeza kipaza sauti mdomoni na kuwasomea wageni wote: "Sufuria 1, mfuniko 1. Mfuniko una mchubuko mdogo upande wa kushoto." Wageni walipiga makofi kwanza, ndipo wakaelewa.

Makarani walirudi dukani wakiwa wanne. Walipoondoka, bintiye alifunga mlango wa stoo na kumkalisha mama yake juu ya boksi.

"Mama, zawadi ni kitu cha kumshtukiza mtu."

"Daktari ameshika kisu, unataka ashtukizwe?"

"Hapa hakuna daktari, Mama."

"Ndiyo maana mlikuwa mnafunga na selotepu," Sista alijibu.

Amri ikatoka: marufuku kuandika. Lalamiko moja zaidi, na ni nyumbani. Sista akasema sawa, na kweli hakuandika tena juu ya zawadi ya mtu. Aliandika ndani, kwa penseli, herufi ndogo, chini ya mkunjo ambao mtu hauoni mpaka aigeuze karatasi yote. Hakufanya hivyo kwa ujeuri. Alijaribu siku mbili kuacha, akashindwa kula. Mkono ulikataa kuachia kitu kiende duniani bila mtu kujua ni nini.

Zaidi ya hayo alikuwa na daftari. Kila kifurushi kilipewa namba, kikaandikwa kilichomo, tarehe, na kinakwenda kwa nani, kama zamani alivyoandika seti imekwenda wodi gani na kwa mgonjwa gani. Na hapo palikuwa na sheria nyingine, iliyokuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Kilichomo kinaandikwa wazi, kila mtu asome. Anayepelekewa ni siri. Matroni mwenyewe aliwahi kumuuliza seti fulani ilitumika kwa mgonjwa yupi, na Sista akamjibu, kwa heshima zote, kwamba tangu asubuhi macho yake hayasomi.

Jumanne moja akaja mwenye gereji ya mtaa wa nyuma. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mikono ameisugua kwa sabuni mpaka imekuwa myekundu lakini kucha bado nyeusi. Alikuwa amenunua mikufu miwili ya fedha, imefanana mpaka kwenye kifungio. Alisimama nyuma ya mstari kwa adabu, akangoja binti wa Sista aende mbele kumhudumia mtu, kisha akainama kwa mbele kadiri tumbo lilivyomruhusu, miguu ikibaki inakotakiwa.

Mkufu mmoja, alinong'ona, ni wa mke wake. Wanatimiza miaka ishirini ya ndoa. Wa pili ni wa mama yake mzazi, ambaye amelalamika kwamba mtoto aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili hajawahi kumpa kitu cha kung'aa. Na kila mmoja asijue habari za mwenzake, hasa mke. Mara ya mwisho aliwanunulia mitandio inayofanana, wakakutana nayo kwenye harusi ya watu, mbele ya mpiga picha, na yeye akala mgahawani miezi miwili.

Sista hakuwa na tabia ya kuwahoji wateja, lakini hapo alishindwa. Alimuuliza kwa nini basi asinunue vitu tofauti. Mwenye gereji akasema hilo ameshalijaribu. Ukinunua tofauti, kila mmoja anaona cha mwenzake ndicho kizuri. Hata gari, ukibadilisha taa moja ya mbele, badilisha na ya pili, la sivyo kila ukilitazama utaona moja imeizidi nyingine mwanga. Sista aliona hayo ni maneno ya mtu mwenye akili, akayaandika majina daftarini, mke kwenye mstari mmoja na mama kwenye mstari wa chini yake.

Alivifunga vyote viwili kwa kaki na utepe mwekundu, na havikutofautiana hata kwa nywele. Sasa, seti moja ikigawanywa kwenye vifurushi viwili, hospitalini kanuni ni kuandika hivyo, ili daktari asije akaanza kumpasua mtu akiwa na nusu ya vyombo. Sista hakuifikiria kanuni hiyo. Hakuhitaji, ilikuwa imekaa kwenye vidole. Penseli ikajiandikia yenyewe chini ya mkunjo wa ndani: Mkufu 1, fedha. Kifurushi cha 1 kati ya 2.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mke wa mwenye gereji akaingia dukani.

Alikuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya sekondari, mwanamke mrefu anayevaa viatu visivyo na kelele, ili wanafunzi wamkute ameshafika. Mkufu ulikuwa shingoni. Mkononi alikuwa na karatasi ya kaki, ameikunja vizuri. Akaiweka kwenye kaunta, akainyoosha kwa kiganja, akaweka kidole chini ya maandishi. Bintiye Sista, ambaye aliwahi kupita mikononi mwa mwalimu huyo miaka mingi nyuma, alijikuta amesimama wima na mikono ameiweka mgongoni.

"Nani ameandika hiki?" Mwalimu aliuliza.

Bintiye hakumtaja mtu, ila macho yake yalikwenda nyuma ya duka, na kwa Mwalimu hilo lilikuwa jibu kamili. Alitembea hadi kwenye meza. Alipofika kwenye mstari mwekundu aliutazama, akasimama nyuma yake. Alikuwa mtu wa kuheshimu mistari.

Alieleza bila kupandisha sauti. Alipofungua zawadi ile alifurahi, na si siri, machozi yalimtoka kidogo, maana miaka kumi na tisa iliyotangulia alikuwa akipewa vitu vya jikoni. Karatasi aliona ni nzuri mno kutupwa. Alipokuwa akiikunja aihifadhi ndipo akasoma. Basi akakaa akisubiri kifurushi cha pili. Alifikiri ni hereni. Akasubiri siku ya kwanza, akasubiri ya pili, akapekua makoti, akapekua gari, akainua hata godoro. Cha pili hakikuja.

"Kwa hiyo kiko kwenye shingo nyingine," alisema. "Nataka kujua ni shingo gani."

Sista aliuweka chini utepe aliokuwa ameushika. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Aliambiwa asiandike, akaandika. Akaomba radhi palepale, bila kuzunguka. Mwalimu akaipokea radhi kwa kutikisa kichwa mara moja, akasema hakuifuata hiyo, kisha macho yake yakatua kwenye daftari lililokuwa mezani.

"Jibu limo humo?"

"Limo," Sista alisema, kwa sababu kusema uongo hakukuwa kazi yake.

"Lifungue."

"Hapana, mwalimu."

Wateja waliokuwa mbele waliacha kuchagua. Mama mmoja aliyeshika kikombe alikigeuza huku na huku kwa muda mrefu, akisoma kitako chake kana kwamba ni barua kutoka kwao. Bintiye Sista akamvuta mama yake mpaka kwenye kona ya pasi na kumnong'oneza, mnong'ono ambao duka zima liliusikia. Alimkumbusha kwamba mwalimu huyu amewafundisha nusu ya watu wa mji na nusu nyingine amewafundishia watoto. Akitoka hapa ameudhika, hakuna atakayenunua hata kadi. Na yote haya yametokana na maandishi yaliyokwisha kupigwa marufuku.

Sista alisikiliza. Alijua kwamba neno moja tu, mama, lingemaliza kila kitu. Mwanamume hana hatia, mkewe anaumia bure, duka la mwanawe linawaka moto, na maji yako kwenye ndoo mbele yake. Lakini siri aliyopewa hakupewa kwa sharti kwamba aitoe ikiwa nzuri na kuificha ikiwa mbaya. Ukianza kuchagua ipi useme na ipi unyamaze, wewe si mtunzaji tena, ni mmbeya mwenye huruma.

"Yule baba amenikabidhi," alisema. "Siwezi, mwanangu."

"Sikuombi, Mama. Nakuambia. Ama unipe hilo daftari, ama urudi nyumbani sasa hivi, na meza hii usinidai tena."

Sista aliliona kochi. Aliliona na mto wake wa maua, na mlango mbele yake, na asubuhi zote zilizobaki. Moyo ulimuuma kwelikweli. Machozi yalimlenga, akayarudisha, maana mtu halii juu ya meza safi. Akavua aproni, akailaza kimshazari na kuikunja: mbele, kushoto, kulia, wa mwisho ukamjia. Akamkabidhi mwanawe. Daftari akalitia kwenye mkoba, akachomoa waya wa pasi, akavuka mstari mwekundu kwenda upande wa wateja.

Mlangoni alikutana na mwenye gereji. Mkewe alikuwa amempigia simu ya maneno manne, njoo duka la zawadi, na yeye akaja mbio akiwa na ovaroli na spana mkononi. Akamwamkia Sista, akamuuliza anakwenda wapi mapema yote hii.

"Nyumbani," Sista alisema. "Nimeachishwa."

Mwenye gereji akachungulia ndani. Akamwona mkewe na mkufu wake, akaiona karatasi kwenye kaunta, akamwona binti amekumbatia aproni iliyokunjwa. Taratibu uso wake ukapoteza ule uchangamfu.

"Hujamwambia?" alinong'ona.

"Nani amwambie?" Sista alisema.

Mtu huyu alikuwa na sifa ya kuingia chini ya gari kila mkewe alipotokea gerejini, na siku nyingine hata gari lenyewe halikuwa na hitilafu. Angeweza kugeuka; mlango ulikuwa wazi na gereji iko karibu. Badala yake aliiweka spana kwenye rafu ya wanasesere, akajipangusa mikono kwenye ovaroli, akaenda mpaka mbele ya mkewe.

"Ni mama," alisema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Cha pili nilimpa mama."

Duka zima likashusha pumzi, isipokuwa Mwalimu. Alimtazama mumewe mpaka akaanza kutokwa jasho kwenye kidevu.

"Unafanana na huu?"

"Unafanana."

"Mpaka kifungio?"

"Mpaka kifungio."

Mwalimu alivuta kiti cha wateja akakaa. "Siku mbili nimemtafuta mwanamke mwingine," alisema, kama anayejisemea. "Nimemwandalia na maneno. Maneno mazuri kabisa. Kumbe ni yuleyule wa siku zote."

Mama wa kikombe alicheka, akaangaliwa, akakirudia kitako cha kikombe. Mwenye gereji hakujua kama amesamehewa au amehukumiwa, na kwa uzoefu wake wa ndoa alijua si wakati wa kuuliza. Mkewe akamwambia arudi kwenye magari yake, watazungumza. Akaondoka kwa mwendo wa mtu asiyekimbia lakini anayetamani, na spana ikabaki kati ya wanasesere wawili wa nywele za njano. Ndipo Mwalimu akageuka kumtazama Sista, ambaye bado alikuwa mlangoni na mkoba wake kifuani, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kwenda kwenye kochi.

"Ulijua tangu mwanzo kuwa ni mama mkwe."

"Nilijua."

"Ungesema, ningeshaondoka zamani. Na wewe ungekuwa mezani kwako."

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahoji wanafunzi mia na mia, mmoja mmoja na kwa makundi, na wote walisema, wengine kabla hawajaulizwa. Aliinuka, akaenda kwenye kabati la vioo, akachagua hereni za fedha, akazichukua mpaka nyuma ya mstari mwekundu na kusimama hapo.

"Nataka huyu mama anifungie," alimwambia binti wa Sista. "Si wewe."

Bintiye alitazama aproni mikononi mwake. Alikuwa mtu asiyejua kuomba radhi mbele za watu. Akatembea hadi mlangoni, akaifungua aproni kwa kushika sikio, akamvisha mama yake na kumfunga kamba mgongoni. Alifunga harakaharaka, na kitanzi kimoja kilikuwa kirefu kuliko kingine. Sista alikihisi kwa mgongo, na kwa mara ya kwanza maishani akaacha fundo baya libaki lilivyo.

Akanawa mpaka viwikoni. Akachomeka pasi, akanyoosha utepe wa buluu. Alipotoa daftari na kulifungua, bintiye alichukua kitambaa na kuanza kupangusa rafu iliyo karibu zaidi, rafu aliyokuwa ameipangusa asubuhi hiyohiyo. Mwalimu akainama kwa mbele, miguu nyuma ya mstari.

"Zinakwenda kwa mama mkwe," alinong'ona. "Zikae na ule mkufu wake. Akivaa avae kamili, watu wasije wakasema kwetu tunavalishana nusunusu. Na mume wangu asijue. Ataona nimelegea."

Sista aliandika, akafunika daftari. Kisha naye akanong'ona: kuhusu maandishi ya nje, ameshakatazwa, na safari hii ataacha hata penseli.

"Andika," Mwalimu alisema. "Andika kwa kalamu, juu kabisa, herufi kubwa. Andika ni fedha halisi, na andika hazina mkwaruzo. Mwenyewe nisipompa kwa maandishi atazigeuza mwezi mzima akitafuta dosari."

Sista alimtazama mwanawe. Mwanawe akaendelea kupangusa rafu, akasema kwa rafu hiyo kwamba mteja akitaka kuandikiwa, aandikiwe. Basi kalamu ikatoka mfukoni, na Sista akaandika kwa mwandiko wake bora, akaweka tarehe, akatia sahihi, akajisikia amepona ugonjwa ambao alikuwa hajamwambia mtu.

Mchana ule aliwafungia watu kumi na wanne. Habari ilikuwa imetembea haraka kuliko kawaida yake. Kila aliyefika mstarini alisubiri binti wa Sista awe mbali, kisha akainama na kunong'ona, hata wale waliokuwa wanamnunulia mtoto mpira. Wengine hawakuwa na siri yoyote. Walitaka tu kujiona nao wakitunziwa.

Saa za kufunga duka, bintiye alishusha mapazia, akafagia, akafagia tena palepale. Mwishowe akaja kusimama nyuma ya mstari.

"Mama, mimi ni mwanao wa kunizaa. Zile hereni zilikuwa za nani?"

Sista alikuwa akipiga pasi utepe wa kesho. Hakuinua kichwa.

"Hata ukinifukuza tena," alisema, "sitakuambia."

"Najua," bintiye akasema. "Ndiyo maana sikufukuzi."

Akavuta kiti upande ule wa wateja, akakaa kumngoja mama yake amalize, na utepe ulikuwa bado mrefu.